Chumvi za floraidi huyeyuka kwenye nyuzi ngapi?

Floraidi ya lithiamu, yaani chumvi ya florini na lithiamu, ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 848 za Selsiasi. Ya potasiamu hungoja hadi 858, na ya sodiamu haitikisiki mpaka 996. Sasa zichukue zote tatu kwa asilimia za moli (yaani kwa kuhesabu chembe, si kwa uzito) 46.5 za lithiamu, 11.5 za sodiamu na 42 za potasiamu, uzichanganye na kuzitia tanurini. Zikifika nyuzi 454 hivi, zote ni majimaji. Kwenye joto hilo hakuna hata moja kati yao ambayo ingeyeyuka ikiwa peke yake.

Mchanganyiko huo huitwa FLiNaK, na namba yake, 454, utaikuta karibu kila jedwali la chumvi hizi. Usichokikuta kwa urahisi ni maelezo ya jinsi namba kama hiyo inavyopatikana, na kwa nini maabara mbili zenye vifaa vizuri zinaweza kupima mchanganyiko uleule zikatofautiana kwa nyuzi kadhaa bila mtu kuzembea. Kusoma joto ni kazi rahisi siku hizi. Ugumu uko katika kujua joto ulilosoma ni la kitu gani hasa, na ni la hatua ipi ya kuyeyuka kwake.

Wanaozihitaji sana namba hizi ni wabunifu wa vinu vya nyuklia vinavyotumia chumvi iliyoyeyuka. Kinu cha majaribio cha Oak Ridge, Tennessee, nchini Marekani, kilichofanya kazi kuanzia 1965 hadi 1969, kilitumia mafuta ya majimaji: floraidi za lithiamu, beriliamu, zirkoniamu na uraniamu katika chumvi moja. Chumvi hiyo ilianza kuganda ikishuka hadi nyuzi 434 hivi, nayo ilizungushwa ikiwa juu ya 600. Chini ya kinu palikuwa na valvu isiyo na kifuniko wala skrubu. Ilikuwa kipande cha bomba kilichobanwa, kikapulizwa hewa baridi mpaka chumvi iliyomo ikaganda na kuwa kizibo. Ukizima upepo, kizibo kinayeyuka na chumvi yote inashuka kwenye matangi ya chini. Mtu anayetegemea kizibo cha namna hiyo hawezi kukisia joto la kuyeyuka.

Viwanda vya alumini navyo vinaishi na swali hilohilo tangu 1886, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa walipogundua kila mmoja kivyake kwamba alumina, yaani oksidi ya alumini, ambayo huyeyuka juu ya nyuzi 2,000, inaweza kuyeyushwa ndani ya krayolaiti, yaani floraidi ya sodiamu na alumini, kwenye nyuzi 960 hivi. Bafu la chumvi huachwa likiwa nyuzi chache tu juu ya joto la kuanza kuganda, kwa makusudi, ili tabaka la chumvi iliyoganda libaki kwenye kuta. Tabaka hilo ndilo linalolinda kuta zisiliwe na bafu lenyewe. Joto likizidi kidogo, ngao inayeyuka.

Halijoto mbili, si moja

Kwa nini mchanganyiko huyeyuka mapema kuliko viungo vyake? Fikiria punje ya floraidi ya lithiamu iliyozungukwa na chumvi iliyoyeyuka. Ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazoijenga chumvi, zinatoka kwenye punje kwenda kwenye majimaji, na nyingine zinarudi kutoka kwenye majimaji na kujipanga tena. Kama majimaji ni ya floraidi ya lithiamu tupu, kutoka na kurudi kunalingana kwenye nyuzi 848. Lakini majimaji yakichanganyika na sodiamu na potasiamu, ayoni za lithiamu zilizo tayari kurudi zinakuwa chache. Zinazotoka hazijapungua. Punje inaendelea kuyeyuka hata joto likiwa chini, na ili mizani irudi sawa inabidi joto lishuke zaidi.

Hali hiyo ina kikomo. Ukizidi kupoza, hufika mahali ambapo kiungo cha pili nacho hakiwezi tena kubaki kwenye majimaji, na vyote huganda kwa pamoja. Hapo ndipo panapoitwa yutektiki. Mchanganyiko wenye uwiano wa yutektiki huyeyuka na kuganda kwenye joto moja kama kitu safi. Kwa kawaida uwiano mwingine una halijoto mbili: solidasi, ambapo tone la kwanza hutokea, na likwidasi, ambapo punje ya mwisho hutoweka. Katikati yake una uji wa punje na majimaji. Mtu akikuambia mchanganyiko fulani unayeyuka kwenye nyuzi kadhaa bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili, amekupa nusu ya jibu, na mara nyingi ni nusu usiyoihitaji. Anayezungusha chumvi kwenye mabomba anataka likwidasi, kwa sababu chini ya hapo punje zinaanza kukaa kwenye kuta. Anayebuni kizibo anazitaka zote mbili.

Kifaa chenyewe

Wazo la msingi ni la zamani. Kitu kinapoyeyuka hula joto bila halijoto yake kupanda. Ukikipasha kwa mwendo usiobadilika na kuandika halijoto yake kila wakati, utaona mahali kinapochelewa. Mwanakemia Le Chatelier alitumia njia ya aina hii kuchunguza udongo mwaka 1887. Mwaka 1899 mtaalamu wa metali Roberts-Austen aliongeza kitu kilichobadilisha kila kitu: themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili za metali) ya pili, ndani ya kitu kingine kisichoyeyuka, kilichokaa tanuri lilelile. Badala ya kutafuta mchepuko mdogo kwenye mstari mrefu wa joto linalopanda, unasoma tofauti kati ya vikombe viwili. Tanuri likiyumba, vinayumba vyote na tofauti inabaki ileile. Chumvi ikiyeyuka, ni kikombe chake tu kinachobaki nyuma.

Kalorimita za leo, yaani vifaa vya kupima joto linaloliwa au kutolewa, zinafanya hivyohivyo kwa uangalifu zaidi: vikombe viwili vidogo, kimoja kitupu na kimoja chenye miligramu chache za chumvi, juu ya kipimajoto kinachohisi ni joto kiasi gani linapita kwenda kila upande. Kinachotoka ni grafu. Mstari wa msingi unakwenda karibu sawa, kisha unapinda kuwa kilele pale chumvi inapokula joto, halafu unarudi. Mahali kilele kilipo hukuambia halijoto, na eneo lililo ndani yake hukuambia kiasi cha joto kilicholiwa. Floraidi ya lithiamu ni mlafi hapa: hula takriban jouli 1,040 kwa kila gramu kuyeyuka, zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini. Kilele chake hakijifichi.

Kilele cha kitu safi ni rahisi kusoma. Upande wa kupanda huwa karibu mstari ulionyooka, kwa hiyo unauchora kurudi nyuma mpaka ukate mstari wa msingi, na hapo ndipo joto la kuyeyuka lilipo. Ncha ya kilele haihusiki, ingawa ndiyo inayovuta jicho. Ncha inasogea kulingana na kasi ya kupasha, uzito wa sampuli na unene wa kikombe. Mwanzo wa kilele hausogei sana.

Kwa mchanganyiko, kanuni hiyo inageuka. Chukua floraidi ya lithiamu asilimia 80 na ya sodiamu asilimia 20, kwa moli. Yutektiki ya jozi hii iko karibu na 60 kwa 40, kwenye nyuzi 650 hivi. Unapopasha, hakuna kinachotokea mpaka 650. Hapo kinatokea kilele chembamba na kirefu: floraidi yote ya sodiamu inayeyuka pamoja na sehemu ya ile ya lithiamu. Hesabu ya uwiano inasema nusu ya moli zote zimeshakuwa majimaji kwenye joto hilo moja. Nusu iliyobaki ni punje za floraidi ya lithiamu, nazo haziyeyuki kwa mkupuo. Zinapungua kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo baada ya kilele cha kwanza grafu hairudi kwenye msingi. Inabaki imening'inia, kisha inajenga mgongo mpana, na zaidi ya nyuzi mia baadaye inashuka ghafla. Ule mshuko ndio punje ya mwisho. Likwidasi iko mwishoni mwa mgongo, na ukitumia kanuni ya kitu safi ukasoma mwanzo wake, utakuwa umesoma kitu kisichokuwepo.

Mshuko huo nao una hila yake. Kipimajoto huchelewa kidogo nyuma ya sampuli, hivyo ukipasha kwa nyuzi 10 kwa dakika, likwidasi inaonekana juu zaidi kuliko ilivyo. Dawa yake ni kupima kwa kasi tofauti, tuseme 10, 5 na 2, kisha kunyoosha mstari wa majibu hadi kwenye kasi ya sifuri. Ni kazi ya kuchosha na wengi huiruka. Ukisoma ripoti yenye likwidasi iliyopimwa kwa kasi moja tu, nyuzi chache za mwisho usizichukulie kwa uzito.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusipime wakati wa kupoza? Upande huo likwidasi ni ya kwanza kutokea, na inaonekana kama mwanzo mkali, si mkia. Ni kweli, na kwa baadhi ya chumvi ndiyo njia bora. Shida ni kwamba majimaji yanayopoa hayagandi kwa wakati wake. Punje ya kwanza inahitaji pa kuanzia, na isipopapata, majimaji yanashuka chini ya likwidasi yakiwa bado majimaji, kisha yanaganda kwa kishindo na halijoto inaruka juu kwa joto lililoachiliwa. Ukipasha unapata namba iliyo juu kidogo, ukipoza unapata iliyo chini, wakati mwingine chini sana. Wazoefu hupima pande zote mbili na kutoamini upande wowote peke yake.

Kabla ya yote hayo, kifaa chenyewe hupimwa kwa metali safi ambazo joto lake la kuyeyuka linajulikana kwa uhakika: indiamu 156.6, bati 231.93, zinki 419.53, alumini 660.32, fedha 961.78. Ni lazima zipimwe ndani ya kikombe cha aina ileile kitakachobeba chumvi, maana kikombe kinene huchelewesha joto kuliko chembamba. Jambo moja la kukumbuka, kwa atakayethubutu: alumini iliyoyeyuka ikigusa platinamu huungana nayo, na kikombe cha bei kubwa kinaishia hapo. Huwekwa kitu katikati.

Maji, oksijeni na kikombe

Hadi hapa nimeongea kana kwamba chumvi iliyo ndani ya kikombe ndiyo ile uliyoipima kwenye mizani. Kwa floraidi, hiyo si dhana ya kuikubali bure, na binafsi naona makosa mengi zaidi yanaingilia mlango huu kuliko ule wa kusoma grafu.

Adui wa kwanza ni mvuke wa maji. Floraidi ya potasiamu hunyonya unyevu wa hewani haraka mno. Ukipasha chumvi yenye unyevu, sehemu ya maji hutoka, lakini sehemu nyingine hubaki na kufanya kazi ya kemia: maji na floraidi hubadilishana, floraidi inageuka kuwa hidroksidi au oksidi, na gesi ya floraidi ya hidrojeni inatoka. Gesi hiyo ni sumu kali inayokula ngozi, mapafu na vifaa. Chumvi iliyobaki si ile tena. Ina kiungo cha ziada ambacho hukukiweka, na kiungo cha ziada hushusha solidasi na kuupanua mwanzo wa kilele. Kwenye grafu utaona kijilima chini ya nyuzi 200 katika kupasha kwa kwanza. Katika kupasha kwa pili hakipo, na mtu huona raha kwamba chumvi sasa imekauka. Imekauka, ndiyo, ila sehemu ya maji haikutoka bali imeshageuza chumvi.

Ndiyo maana kazi hii hufanyika ndani ya sanduku la glavu, yaani lililofungwa na lenye glavu za kuingizia mikono, lililojazwa gesi tulivu ya agoni, lenye maji na oksijeni chini ya sehemu moja kwa milioni, baada ya chumvi kukaushwa polepole kwenye ombwe. Kwa floraidi za beriliamu, zirkoniamu na uraniamu, ambazo hupenda kugeuka oksidi, kukausha hakutoshi. Huchanganywa na baifloraidi ya amoniamu, ambayo ikipashwa hutoa floraidi ya hidrojeni ya kurudisha oksidi kuwa floraidi. Oak Ridge walipitisha hidrojeni na floraidi ya hidrojeni moja kwa moja ndani ya chumvi iliyoyeyuka. Beriliamu inaongeza hatari nyingine, kwani vumbi lake huharibu mapafu kwa ugonjwa usiopona, na hiyo ni sababu moja ya maabara nyingi kufanya majaribio yao kwa FLiNaK, isiyo na beriliamu.

Adui wa pili ni kikombe. Kioo na kwatsi havifai kabisa. Floraidi ya hidrojeni ikigusa silika, ambayo ndiyo kiini cha vyote viwili, hutengeneza gesi ya floraidi ya silikoni pamoja na maji, na maji hayo hurudi kwenye chumvi kutengeneza floraidi ya hidrojeni nyingine, ambayo hurudi tena kwenye silika. Unyevu kidogo tu unatosha kuanzisha mzunguko. Alumina, kikombe cha kawaida cha kalorimita, ni ileile ambayo viwanda huiyeyusha ndani ya krayolaiti, kwa hiyo usishangae sampuli ikianza kula kikombe chake. Vinabaki platinamu, nikeli, grafiti na nitraidi ya boroni, na kila kimoja kina tabia yake. Chumvi iliyoyeyuka hailowanishi grafiti. Hujikusanya kuwa tone linalogusa chini kwa eneo dogo, joto linapita kwa shida, na umbo la kilele linabadilika. Kwenye metali hufanya kinyume: huenea, hupanda ukutani, hupenya chini ya kifuniko na hata kufikia kipimajoto. Kipimajoto cha kalorimita kikishaguswa na floraidi iliyoyeyuka, andaa pesa.

Adui wa tatu ni mvuke wa chumvi yenyewe. Floraidi ya zirkoniamu ikiwa peke yake hugeuka mvuke karibu na nyuzi 900 bila hata kupitia majimaji. Sampuli ya miligramu 50 ikipoteza miligramu moja, imepoteza asilimia mbili ya uzito, na iliyopotea haina uwiano wa mchanganyiko wote. Ni kile kiungo kinachoruka zaidi. Kwa hiyo likwidasi unayosoma katika mzunguko wa tatu ni ya mchanganyiko tofauti na wa mzunguko wa kwanza. Suluhisho lililozoeleka ni kufunga chumvi ndani ya kikombe cha metali kisichopitisha kitu, kwa kulehemu au kwa kukibana juu ya kifuniko cha nikeli, kisha kupima uzito kabla na baada. Uzito ukibadilika, matokeo yanatupwa.

Kupasha kwa kwanza hutupwa pia, hata mambo yote yakienda vizuri. Unga uliochanganywa kwa kusagwa haujawa mchanganyiko halisi. Punje huyeyuka pale zinapogusana, na grafu inaonyesha historia ya usagaji zaidi ya tabia ya chumvi. Kupasha huko kuna kazi ya kuziunganisha tu.

Kutoka sampuli moja hadi ramani

Grafu moja inahusu uwiano mmoja. Ili kupata ramani ya jozi nzima, yaani solidasi na likwidasi kwa kila uwiano, unapima uwiano mwingi, na hapa kuna ujanja wa mwanakemia Tammann ambao mimi naupenda kuliko yote. Pima eneo la kilele cha yutektiki katika kila sampuli, uliweke kwenye grafu dhidi ya uwiano. Eneo hupanda kwa mstari ulionyooka kuelekea uwiano wa yutektiki, kisha hushuka kwa mstari mwingine upande wa pili. Mahali mistari miwili inapokutana ndipo yutektiki ilipo, hata kama hukuwahi kutengeneza sampuli yenye uwiano huo. Na kama mstari unagusa sifuri kabla ya kufika kwenye kiungo safi, umegundua jambo jingine: kwamba kiungo hicho kikiwa kigumu hubeba kidogo cha mwenzake ndani ya fuwele zake.

Jozi inawezekana kuimaliza. Viungo vinne, kama vya mafuta ya Oak Ridge, vikipimwa kwa hatua za asilimia kumi kumi, vinadai sampuli 286. Hakuna anayefanya hivyo. Hupimwa jozi zote kwa makini na baadhi ya michanganyiko ya viungo vitatu, kisha kompyuta hutafuta milinganyo ya nishati inayoendana na vipimo vyote na kukisia sehemu zilizobaki. Sampuli chache hupimwa mwishoni ili kuikosoa kompyuta. Makisio hayo ni mazuri kadiri vipimo vya jozi vilivyo vizuri, hivyo likwidasi mbovu ya jozi moja inaweza kupotosha ramani nzima bila kuonekana.

Zipo pia chumvi ambazo njia hii huzishindwa. Floraidi ya beriliamu ikiyeyuka ina muundo unaofanana na wa silika, mzito kama asali, na ikipoa hupenda kugeuka kioo badala ya fuwele. Kipimo cha kupoza hapo kinaweza kisionyeshe kitu chochote mahali pa likwidasi. Watafiti wa Oak Ridge waliizunguka shida hiyo kwa kuweka sampuli zilizofungwa kwenye tanuri lenye joto linalopungua kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wakaziacha zitulie, wakazipoza ghafla, kisha wakaziangalia kwa hadubini. Palipokuwa na majimaji paliganda kwa namna moja, na palipokuwa na fuwele zilibaki fuwele. Mpaka kati yake ndio likwidasi.

Hata hivyo swali moja la jozi ya lithiamu na beriliamu liliendelea kuwasumbua. Mchanganyiko wa mbili kwa moja, unaoitwa FLiBe, huyeyuka karibu na nyuzi 459. Je, fuwele zake huyeyuka zote kwa pamoja, au huvunjika kwanza na kuacha floraidi ya lithiamu nyuma? Yutektiki ya jirani iko karibu mno, tofauti ya joto haifiki hata nyuzi moja, na kilele cha grafu kina upana wa nyuzi kadhaa. Matukio mawili yanaingia ndani ya kilele kimoja, na hakuna kasi ya kupasha inayoweza kuyatenganisha. Jibu lilipatikana mwaka 1972 kwa njia nyingine kabisa: vipimo vya umeme kwenye chumvi iliyoyeyuka, vinavyofuatilia likwidasi kwa volti badala ya mtiririko wa joto. Vilionyesha kwamba fuwele hizo huyeyuka zote kwa pamoja.